Msiba Mkavu

Mama mkwe wangu alifariki mwezi wa Novemba, katika mwaka ambao mtama ulikauka ukiwa bado unagusa magoti na hata kuku walikuwa wanatutazama kwa lawama. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani tulikuwa na ghala lililojaa halafu tukawa wachoyo. Hatukuwa na kitu. Nyumbani kwetu, mimi na mume wangu Kefa, uwele ulikuwa unapimwa kwa kikombe. Kihenge cha mama mwenyewe kilikuwa na vumbi na panya mmoja aliyekonda.

Lakini kijiji chetu, huku Iramba kando ya Ziwa Kitangiri, kina kitu ambacho vijiji vya mbugani havina. Kina Kiwiko. Ndivyo tunavyopaita mahali ambapo ziwa linajikunja na kuingia nchi kavu. Maji pale ni ya mapajani, chini kuna tope laini, na ndani ya tope kuna kome: weusi kwa nje, wanang'aa kwa ndani, gamba juu ya gamba. Ukiwachemsha wakafunguka, ukawaosha mchanga, ukawaunga kwa karanga au mafuta ya alizeti, ugali wa uwele unashuka wenyewe. Wakianikwa juani wanakaa hadi msimu mwingine. Kuna akina mama wanatoka hadi Ilongero na viroba vya uwele kuja kubadilishana nao, kwa hiyo Kiwiko hakilishi sisi peke yetu.

Na Kiwiko kimefungwa. Nilipoolewa hapa hakikuwa kimefungwa. Miaka ile yalikuja malori kuchukua magamba ya kusaga chakula cha kuku. Si kitu kibaya hicho. Kuku ndio fahari ya Singida, na kuku anayetaga anataka magamba, la sivyo yai linatoka laini. Ubaya ulianza magamba makavu ya ufukoni yalipoisha. Watu waliingia majini na majembe, wakachota kome walio hai na kuwamwaga juani waoze, yabaki magamba. Hakuna aliyetulazimisha. Tuliuza wenyewe huku tunacheka. Mwaka uliofuata maji ya Kiwiko yaligeuka kijani na kuwa mazito, perege wakaacha kuja kutaga, na mvua iliposhindwa tulienda pale na vikapu tukarudi na tope. Mwaka ule tulizika watoto. Mmoja alikuwa wetu, mimi na Kefa. Nimeshasema, nisiulizwe tena.

Mama mkwe wangu, Yasinta, alipotoka kumzika mjukuu wake hakwenda nyumbani. Alikata matete, akayachomeka kwenye mlango wa Kiwiko toka upande huu hadi ule, akayafunga vitambaa vyekundu alivyochana kwenye khanga yake. Kisha akapita nyumba kwa nyumba. Baadaye serikali ya kijiji iliandika sheria ndogo na bwana samaki wa wilaya akaja kuisoma mkutanoni, lakini ukweli ni kwamba watu waliogopa zaidi ulimi wa mama kuliko sheria.

Masharti yake yalikuwa machache. Kiwiko kinafunguliwa mwaka wa njaa tu, na hata mwaka wa njaa hakifunguliwi miezi ambayo kome wana mimba. Anayefungua ni mwenye bangili. Bangili yenyewe ni ya shaba, aliyovishwa mama siku aliyoolewa, na ndiyo kipimo: kome anayepita ndani ya bangili bado mtoto, anarudi majini. Tena siku ya kufungua hakuna kubeba kitu nyumbani. Kome wote wa siku ile wanapikwa pale pale ufukoni, mwenye bangili anakaribisha, na watu wote wanakula pamoja. Kesho yake ndipo kila kaya inachukua sehemu yake. Mama alikuwa anasema mtu uliyekula naye sahani moja anaona haya kukuibia.

Maji yalirudi kuwa maji. Perege walirudi. Mama alituambia kwamba watoto wa kome hujishika kwenye samaki na kusafiri nao, na kwamba ukilinda Kiwiko umelinda ziwa lote. Sikumwamini, nikadhani ni hadithi za wazee, mpaka yule bwana samaki alipotueleza maneno hayo hayo.

Hata Tajdin alimsikiliza. Tajdin ana duka na mashine ya chakula cha kuku mjini Singida, na baba yake alikuwa mmoja wa waliotuma malori. Mama alipanda basi, akaenda akaketi mbele ya duka lake mpaka wakaelewana: magamba makavu tu, yaliyotupwa na maji au yaliyobaki baada ya watu kula. Tangu siku hiyo Tajdin alimwita "Mama", na kila alipokuja kuchukua magamba alimletea dawa ya kuchua magoti.

Basi mama huyo ndiye aliyelala kitandani Novemba ile, mwembamba kiasi kwamba bangili ilimvuka yenyewe mkononi. Aliiokota kwenye shuka, akanipa mimi. Hakumpa Kefa, mwanawe pekee. Nilijaribu kuivaa, ikagoma kwenye kifundo. Mkono wangu mnene, na njaa ile haikuwa imeupunguza kitu. Mama alicheka kidogo. Nikaifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akatutazama wote wawili, mimi na Kefa, akasema:

"Msiwaache watu na njaa."

Hakuongeza neno jingine. Kesho yake, jua halijafika kichwani, alikata roho.

Simu zilianza kupigwa. Watu wangetoka Kiomboi, Ndago, Shelui, na wengine Singida mjini. Fredrick, mtoto wetu aliye Dodoma, alisema angepanda gari la usiku. Sasa mtu asiye wa kwetu lazima aelewe jambo moja. Huku kwetu, marehemu akishazikwa, mtoto wake wa kiume husimama mbele ya waombolezaji, akavua kofia na kusema, "Karibuni chakula cha mama," au cha baba, kadiri alivyofiwa. Hapo ndipo maziko yanapokwisha. Asiposema, marehemu ni kama hajaagwa. Msiba usio na chakula unaitwa msiba mkavu, na nyumba iliyokuwa na msiba mkavu hutajwa kwa jina hilo harusini, kilabuni na hata kanisani, mpaka wajukuu wazeeke.

Jioni ile Kefa alinikuta nyuma ya nyumba nikiosha sufuria ambazo sikujua nitapika nini ndani yake. Alikuwa na baba yake mdogo, mzee Paskali.

"Mama Fredrick," Kefa alisema, "naomba bangili."

"Ya nini?"

"Kesho tunazika. Watu wanakuja. Ulimsikia mama. Watu wasiachwe na njaa."

"Nilimsikia."

"Sasa?"

"Sasa kome wana mimba, baba Fredrick. Unajua."

"Najua."

"Na mama ndiye aliyetukataza miezi hii."

"Ni yeye aliyetukataza, na ni yeye aliyesema watu wasiachwe na njaa. Neno la mwisho ndilo neno."

"Amesema watu. Hakusema watu wa kesho tu. Njaa haijaanza bado, hii ni salamu tu. Januari watakula nini? Februari je?"

Baba mdogo Paskali alikohoa. Ni mzee mwenye heshima zake, na nilikuwa nimeshamwamkia, lakini alipoanza kusema nilijua nitamkosea adabu.

"Mkwe wangu, maneno ya marehemu hayapepetwi kama mtama. Kiwiko amekifunga yeye. Alikaa juani miaka yote akikilinda kwa ajili yetu. Leo anaondoka, hata mchuzi wake asiagwe nao? Wageni wamekuja kwake, wacha wale cha kwake."

"Baba, Kiwiko si chake. Kingekuwa chake angekila."

Nilisema hivyo, kwa mkwe wangu, nikiwa nimesimama. Mzee alitazama pembeni. Kefa alinitazama mimi, halafu wakaondoka wote wawili bila kuaga.

Sitaki mtu amwone Kefa kuwa mbaya. Alikuwa anampenda mama yake, na aliaibika kwa ajili yake. Mimi mwenyewe nililala nikigeuza lile neno la mama huku na huku. Mpaka leo sijui alikuwa anafikiria wageni wa siku moja au miezi iliyokuwa inakuja. Pengine alikuwa anafikiria vyote viwili, akatuachia mzigo.

Asubuhi ya maziko, Lea, jirani yangu ambaye tunalinda naye Kiwiko kwa zamu, aliingia uani anahema.

"Dada Ritha, wanaume wameenda na vikapu. Mumeo yuko mbele."

Nilikuwa tayari nimevaa gauni jeusi, khanga kiunoni na viatu vya msiba. Nilikimbia hivyo hivyo. Mwanamke wa umri wangu, mnene, akikimbia asubuhi ya kumzika mama mkwe wake. Walioniona walidhani nimepagawa kwa uchungu, wakanifungulia njia. Nilifika Kefa akiwa ameshaweka mguu mmoja majini. Nyuma yake walikuwa vijana wa ukoo na baba mdogo Paskali na fimbo yake. Niliwapita, nikaingia majini na gauni langu, nikasimama mbele ya matete. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope na kipo hadi leo.

Niliinama nikapapasa, nikatoa kome mkubwa. Niliomba kisu. Hakuna aliyenipa. Nikampasua kwa jiwe, nikamwonyesha Kefa. Ndani alikuwa amejaa chembechembe, kama unga uliolowa.

"Naona," Kefa alisema kwa upole. "Nimezaliwa hapa. Unadhani sijui kome mwenye mimba? Vikapu vichache tu, mama Fredrick. Kiwiko hakiwezi kuisha kwa vikapu vichache."

"Ndivyo tulivyosema mwaka wa malori."

"Wale waliuza. Mimi namzika mama yangu."

"Na Lea akifiwa wiki ijayo? Naye ana mama. Nitamwambia mama yako alikuwa mtu, wa kwake si mtu?"

Lea, ambaye alikuwa amenifuata, aliangalia chini. Kefa alimtazama Lea. Niliona linamwingia. Kisha akatikisa kichwa, akapiga hatua.

Hapo nikafungua pindo la khanga. Nikaitoa bangili, nikainua mkono kuelekea kule ambako ziwa lina kina, kule ambako hakuna mtu anayefika kwa miguu.

"Ukipiga hatua nyingine naitupa. Haitapatikana. Basi kitakaa kimefungwa, au mtachota bila kipimo, na mkichota bila kipimo mnajua mwisho wake."

Ningeitupa? Naapa ningeitupa. Na Kefa aliyenioa, anayejua hasira zangu kuliko mtu yeyote, alijua.

"Huo ni mkono wa mama," alisema.

"Ndiyo."

Alirudisha mguu nchi kavu. Akachukua kikapu chake kitupu. Kabla hajageuka akasema, bila kugomba, na ingekuwa afadhali angegomba:

"Leo nitasimama mbele za watu na mdomo mtupu. Hilo ni wewe umelifanya."

Tulimzika mama saa nane. Mchungaji alisema vizuri. Fredrick alibeba jeneza upande mmoja na baba yake upande mwingine. Tajdin alikuja na mkewe, Noorbanu, wakiwa na majani ya chai na sukari. Noorbanu alivua viatu, akaingia jikoni, akaanza kumimina chai ya rangi kwenye vikombe bila kuuliza chakula kiko wapi, na kwa hilo sitamsahau. Tulikuwa na chai hiyo na uji mwepesi wa uwele, mwepesi hadi unaona chini ya kikombe. Watoto walipewa kwanza.

Kisha watu wakatulia, wamekaa kwenye mikeka na magogo, kama wanavyotulia siku zote wakati ule. Kefa alisimama. Akavua kofia. Mdomo wake ulifunguka, na watu wakainua nyuso. Ukafumbwa. Alisimama pale na kofia mkononi, mwanamume mzima mwenye mvi, kisha akaketi. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko na nilitamani ardhi inimeze.

Hakuna aliyesema kitu mbele yetu. Kwenye kuaga ndipo niliposikia. Shangazi mmoja wa Kefa, aliyetoka Ndago, alijifunga khanga yake kwa nguvu akasema, "Nimeona misiba. Mkavu wenye ziwa mlangoni sijawahi." Mwingine akamjibu, "Njaa haina baunsa, dada, lakini ziwa linaye: mkwe." Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha mkono mdomoni. Niliumia. Nisiseme uongo, niliumia sana.

Baada ya siku chache Kefa alichukua blanketi, akahamia kwa baba mdogo Paskali. Hakunipiga, hakunitukana. Alikuja kila asubuhi kumfungua punda wetu, akafanya kazi zake, akaondoka. Kama alikuwa na neno alilituma kwa Lea: mwambie mama Fredrick punda anachechemea, mwambie mama Fredrick paa la jiko linavuja. Nami nilimjibu kwa Lea. Lea alichoka, siku moja akatuambia wote wawili anaomba mshahara.

Mvua ilinyesha kidogo Desemba, watu wakapanda, ikakata. Mtama ulichungulia, ukafa. Wakapanda tena waliokuwa na mbegu; waliokula mbegu wakakaa. Januari watoto walikuwa wanasinzia darasani, na mlenda mkavu ulikuwa unaliwa bila ugali. Watu walianza kuja kwangu. Walikuja kwa adabu, shikamoo nyingi, wakakaa, wakazungumza juu ya jua, wakaondoka bila kutaja Kiwiko. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko kudaiwa. Lea peke yake ndiye aliyetaja.

"Fungua, dada. Tutachukua wakubwa tu."

"Wakubwa ndio wenye mimba."

"Wanangu wanakunywa maji ya chumvi wanalala."

"Wangu nilimzika, Lea. Sijasahau."

Tulikaa pale tukilia, wanawake wawili wazima. Kisha tulienda Kiwiko pamoja, nikapasua kome mmoja, bado alikuwa amejaa. Tukarudi mikono mitupu.

Niliogopa. Kama mvua ya Februari isingekuja, maji ya Kiwiko yangeshuka, tope lingekauka, na kome wangekufa na mimba zao, wasiwe wa mama, wala wa mgeni, wala wa mtoto. Ningekuwa nimemnyima mama mkwe wangu maziko kwa ajili ya tope. Siku moja nilienda kaburini kung'oa majani, nikajikuta namgombeza. "Ungesema vizuri! Ulikuwa na ulimi wa kutosha miaka yote, siku ya mwisho ndiyo ukawa mbahili wa maneno?" Nikanyamaza kwa sababu nilimwona Kefa amesimama pembeni na jembe, naye amekuja kung'oa majani. Aling'oa upande wake, mimi nikang'oa wangu.

Mvua ilirudi Februari. Haikuwa nyingi, lakini ziwa lilisogea juu kidogo na perege wakaonekana wakiingia Kiwiko, wakipita katikati ya matete na vitambaa vyekundu. Kama mama alisema kweli, na bwana samaki pia, walikuwa wamekuja kuchukua abiria wao. Nilisubiri wapite. Kisha nikaingia majini asubuhi moja, nikapapasa, nikapasua. Alikuwa mtupu, msafi, nyama imejaa. Nikapasua mwingine, vile vile. Nilikaa kwenye maji, nikakaa kabisa, maji kifuani, nikamwita Lea kwa sauti ambayo nadhani hata Shelui waliisikia.

Nitangulize mwisho: tulikula Kiwiko kwa kipimo mpaka mtama wa mvua ile ukaiva, na mwaka huo hakuna mtoto aliyezikwa kwa njaa katika kijiji chetu. Walioanika walibadilishana na watu wa mbali wakapata uwele na mbegu. Lakini nilichotaka kusimulia ni siku ya kufungua.

Nilichomoa tete la kwanza kwa mkono wangu. Wanawake waliingia, wamefunga khanga kiunoni, wakawa wanapapasa kwa miguu na kuinama. Kome walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona. Mimi nilikaa ufukoni na bangili mapajani. Kila kome aliyeletwa nilimpitisha. Aliyepita nilimrudisha majini, aliyegoma aliingia kwenye karai. Baba mdogo Paskali alikuja na bakuli, akakaa karibu, akawa anavizia kipimo changu. Nilipomrudisha mmoja mnene kidogo aliguna. "Huyo ungemgeuza angegoma," alisema. Nikamgeuza mbele yake, akapita tena. Mzee akatulia.

Watu walikuwa wamesikia. Shangazi wa Ndago alikuwepo na wajukuu zake. Mama mmoja wa Ilongero aliteremka kwenye bodaboda na kiroba cha uwele. Tajdin alikuja na gari lake dogo kwa ajili ya magamba yatakayobaki, akakunja suruali, akawa anaosha masufuria. Nikitazama zile nyuso niliona ni zile zile. Karibu wote waliokaa kwenye mikeka yetu Novemba wakanywa chai ya Noorbanu walikuwa pale, wembamba zaidi.

Kuni zilikuwa hazitoshi. Ufuo wetu hauna miti, na tulikuwa tumechoma hata mabua. Masufuria yalikuwa yamesimama nusu ya kuchemka wakati watu walipogeuka kutazama njia. Kefa alikuwa anakuja, anasukuma baiskeli, mzigo wa kuni nyuma umemzidi urefu. Alikuwa amezifuata mbali, kwa jinsi alivyokuwa na vumbi. Hakumsalimia mtu. Alifungua kamba, akachochea sufuria moja, kisha ya pili, mpaka ya mwisho, akiwa amechuchumaa ameelekeza macho kwenye moto.

Kome wakafunguka. Lea na wengine wakawaosha, wakawaunga kwa karanga. Ugali wa uwele wa yule mama wa Ilongero ukasongwa. Vyakula vikapangwa kwenye turubai, na watu wakaketi, wakatulia.

Wote walikuwa wananitazama mimi. Mwenye bangili ndiye anayekaribisha, hilo nimeshalisema. Nilisimama. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na sikufichi, nilikuwa na haki nalo, maana nililipia. Watu waliokuwa wamenicheka walikuwa wamekaa miguuni pangu wakisubiri niwape ruhusa ya kula.

Nikamtazama Kefa. Alikuwa bado amechuchumaa kwenye majivu, nyuma ya watu wote, mahali anapokaa mtu asiye na nyumba.

Sikusema kitu. Niliketi.

Watu walitazamana. Mtoto mmoja alianza kunung'unika, mama yake akamziba mdomo. Nilikuwa naangalia mikono yangu na ile bangili, na sikujua kama angeelewa, au kama akielewa angekubali. Baba mdogo Paskali alishusha bakuli lake chini.

Nikasikia magoti ya Kefa yakilia alipoinuka. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, karibu na pale nilipoketi. Akavua kofia. Mdomo wake ulifunguka kama siku ile, na watu wakainua nyuso kama siku ile.

"Karibuni," alisema. "Karibuni chakula cha mama."

Tukanawa mikono.